Watoto wa S5 na S6 wapewe somo kamili la akaunti, kipande ndani ya somo la ujasiriamali (Enti) hakitoshi

Mhariri,

Salamu kutoka Busia ya Uganda, huku mpakani na Kenya. Mi si mwalimu wala si msomi mkubwa, niko na duka la vifaa vya ujenzi, nauza saruji, mabati, misumari, rangi na vitu kama hivyo, na hii barua naiandika usiku baada ya kufunga kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni tangu mpwa wangu amalize S4, mwaka wa nne wa sekondari (S5 na S6 ndo miwili ya mwisho kabla ya chuo), na mamake akamleta akae kwangu akisubiri matokeo.

Huyu mtoto anataka kusoma Bakomu, yaani shahada ya biashara, na ameshaweka akili yake MUBS, chuo cha biashara cha Makerere pale Nakawa, haambiliki kitu kingine. Siku moja tuko dukani hakuna wateja akaniuliza, "Anko, S5 nichukue kombi gani?" yaani achague masomo gani ya kwenda pamoja. Mimi bila hata kufikiri nikamwambia chukua Uchumi, chukua Hesabu, chukua Akaunti, basi umemaliza. Akaniangalia tu akasema, "Anko, akaunti S5 haiko." Nikamwambia haiwezekani, mtoto anaenda kusomea biashara na hakuna somo la kutunza vitabu vya biashara, wewe hujauliza vizuri. Nikafunga duka mchana nikaenda mwenyewe shule moja hapa karibu kumuuliza mwalimu wa masomo, na kweli akaniambia mzee mtoto amekwambia ukweli, S5 unachagua masomo makuu matatu, unaongeza General Paper, ile ya maarifa ya jumla, unaongeza sabu-mathi au sabu-ICT, yaani hesabu ndogo au kompyuta ndogo, na katika hayo makuu akaunti kama akaunti haimo. Kilichopo ni ujasiriamali, ile wanafunzi wanaiita Enti, na ndani yake kuna mada ya kutunza vitabu.

Sisi wa miaka ya tisini tulikuwa na Komasi, somo la biashara, peke yake na Akaunti peke yake mpaka S4, mwalimu anakuja na rula ndefu anachora ubaoni ile herufi T kubwa, kushoto debiti kulia krediti, na ukikosea upande anakurudisha mwanzo. Sasa mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, wale ambao kundi lao la kwanza lilifanya UCE, mtihani wa taifa wa S4, mwaka 2024, haya mawili yamekunjwa yakatiwa ndani ya Enti. Sitaki watu wanielewe vibaya, Enti ni somo zuri, mtoto anajifunza kutafuta wazo la biashara, kuangalia soko, kuandika mpango, na huyu wangu aliwahi kutengeneza sabuni ya maji na wenzake wakaiuza shuleni kwao nikafurahi sana. Lakini mada ya vitabu inakuja kama mgeni wa siku mbili, wanaonyeshwa daftari la fedha taslimu, wanaonyeshwa mizania, ile orodha ya mali na madeni ya biashara, kabla mkono haujazoea wameshahamia kwenye matangazo na ufungashaji. Na uhasibu ni kazi ya mkono kama kushona, huwezi kuijua kwa kuhadithiwa.

Kwa nini mtu wa saruji napiga kelele hivi? Kwa sababu hii kitu ilishaniangusha. Mwaka 2009 nilifungua duka langu la kwanza, spea za baiskeli, na mtaji ulikuwa wa kuuza shamba la marehemu baba, na mi nilikuwa nimesoma Akaunti mpaka S4 lakini nikaona hayo ni ya darasani. Jioni nikifungua droo nikakuta 300,000 nasema leo tumepata 300,000, nalipa karo humo humo, natuma pesa kijijini humo humo, harusi ikija natoa humo humo. Ile pesa haikuwa faida, ilikuwa tairi na cheni zimegeuka noti, na ilitakiwa irudi iwe tairi na cheni. Rafu zikaanza kuwa wazi pole pole, mimi nikasema biashara imekuwa ngumu, watu hawana pesa. Baada ya miezi kumi na minne nikafunga, na shamba halikurudi. Duka lenyewe lilikuwa linauza vizuri, nililila bila kujua kwamba nalila. Wazee wa pwani walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, mi nilisikia huo msemo nikiwa mdogo na bado ukanipita.

Hili duka la sasa nilianza na kauntabuku. Kila kitu kinaandikwa, na hapo ndo nataka nieleze kidogo nilichokiona kwa huyu mtoto, kwa sababu ndo kilichonifanya niandike.

Nilimwambia huyu mpwa wangu, wewe unangoja matokeo, miezi hii usikae na simu tu, chukua kauntabuku mpya, chukua zile zangu za mwezi uliopita, nifungulie leja kamili. Akafungua kurasa, stoku ukurasa wake, wadaiwa kila mmoja ukurasa wake, pesa taslimu, benki, momo yaani pesa za simu, mshahara, kodi ya nyumba, mtaji. Jumapili usiku akaamua kufanya urari, ile watoto wanaita trayo balansi, unajumlisha debiti zote na krediti zote kuona kama zinalingana, umeme umeenda tuko na tochi ya simu, akajumlisha debiti akapata 23,870,000, krediti 23,600,000. Haikukubali. Mara ya pili, ile ile. Akaanza kufuta jasho, akasema, "Anko, upande wa kushoto umezidi 270,000, nianze upya kutoka tarehe moja?" Nikamwambia ngoja, gawanya hiyo 270,000 kwa tisa. Akagawanya, 30,000 kavu bila kubaki. Nikamwambia basi usianze upya, tafuta namba iliyogeuzwa, mahali umeandika tarakimu mbili zimebadilishana nafasi.

Hakuniamini. Alipita ukurasa kwa ukurasa na kidole, na kwenye ukurasa wa fundi mmoja wa hapa Busia akasimama. Fundi alichukua mabati ya 360,000 kwa mkopo, mtoto alikuwa ameandika 630,000. Ile tofauti ya 63 na 36 ni 27, ya 52 na 25 ni 27, ya 81 na 18 ni 63, tarakimu mbili jirani zikibadilishana tofauti lazima igawanyike kwa tisa, hii nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa karani wa ginari ya pamba, na ya pili alinifundisha ni kwamba tofauti ukiigawa kwa mbili ukakuta kiasi ambacho unakijua kimo kwenye vitabu, basi huenda kuna kitu umekiweka upande usio wake. Mtoto alirekebisha, akajumlisha tena, pande zote mbili 23,600,000. Alipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Lakini kilichonigusa si kelele, ni alichosema baadaye. Akasema, "Anko, kama nisingeiona ungemdai fundi 270,000 ambayo si yake." Nikanyamaza. Mtoto wa miaka kumi na saba ameelewa kwamba namba kwenye daftari ni mtu, na kuna mtu atagongewa mlango kwa sababu ya namba hiyo, na hilo amelielewa kwa kufanya, usiku mmoja, na leja ya kweli mkononi. Sasa niambie miaka miwili ya S5 na S6 akifanya hivi kila wiki atakuwa wapi.

Kuna wanaosema, na hata yule mwalimu wa masomo aliniambia, kwamba haina haja kwa sababu chuo mwaka wa kwanza kinaanza uhasibu kutoka msingi, hivyo aliyesoma na asiyesoma wote wanakaa mstari mmoja. Ni kweli kwamba kinaanza msingi. Ila msingi wa chuo unaenda mbio, ukumbi umejaa watu, mwalimu hawezi kuja kwenye daftari lako kukuonyesha kwamba umeweka kodi ya nyumba upande usio wake. Kaka yake huyu mtoto alipita Bakomu na Uchumi wake mzuri kabisa kutoka S6, anajua kuchora mistari ya mahitaji na ugavi, aliniambia wiki za kwanza alikuwa anakariri debiti ni kushoto krediti ni kulia bila kujua kwa nini, na walipofika akaunti za kampuni alikuwa bado anakariri. Alimaliza, namshukuru Mungu, lakini mwaka wa kwanza alirudia pepa.

Na hapa nataka niwe mkweli kwa wanafunzi wanaosoma hii barua, kwa sababu wengine watasema basi tuletewe akaunti tuache hesabu. Hapana jamani. Nikiambiwa nichague kimoja tu kwa mtoto wa biashara, Hesabu inakaa. Uchumi wa chuo una hesabu, takwimu ina hesabu, fedha na riba ni hesabu tupu, na mtoto akikimbia hesabu S5 huko mbele haikimbiliki. Akaunti ninayoiomba ikae pembeni ya Hesabu, isichukue kiti chake. Huyu wangu nimemwambia achukue Hesabu, Uchumi na Enti, na akaunti tunaifanya hapa dukani likizo kwa likizo mpaka serikali ifikiri vingine.

Sasa ni akaunti gani naiomba? Si ile ya kurudia ya S2. Naongelea akaunti yenye nyama. Kwa mfano kuna mada ya kumbukumbu pungufu, yaani mfanyabiashara hana vitabu kamili na wewe unatakiwa umtafutie faida yake, na hiyo ndo Uganda yenyewe, nenda soko lolote uone. Mama ana duka, Januari alikuwa na mtaji wa milioni 8, Desemba ukihesabu mali yake na ukatoa madeni unakuta milioni 9 na laki 2. Anakwambia mwaka mzima nimepata milioni moja na laki mbili tu, biashara imekufa. Unamuuliza mama ulikuwa unatoa kiasi gani ya nyumbani, anasema kama laki tatu kila mwezi, hiyo ni milioni 3 na laki 6 kwa mwaka. Unamuuliza uliongeza pesa yoyote kutoka nje, anasema ndio, mume aliniongezea laki 5. Basi 9,200,000 toa 8,000,000, ongeza 3,600,000, toa 500,000, faida yake ni 4,300,000. Lile duka limelisha watoto mwaka mzima na bado limekua, na mama alikuwa anataka kulifunga! Mtoto wa S6 akiweza kukaa na mama kama huyo akamwonyesha hilo, amesaidia nyumba nzima.

Au uchakavu, yaani kitu kupungua thamani kadri unavyokitumia. Nina pikipiki ya kubebea saruji, niliinunua milioni 6. Mi zamani nilikuwa nasema ni yangu haina gharama, natia petroli tu. Ukikata asilimia 25 kila mwaka kwa njia ya salio linalopungua, yaani unakata kwenye kile kilichobaki, mwaka wa kwanza inabaki 4,500,000, wa pili 3,375,000, wa tatu 2,531,250, na hiyo inayopungua kila mwaka ni gharama ya kila mfuko niliopeleka kwa mteja. Tangu nielewe hivyo nimebadilisha bei ya usafiri. Kuna akaunti za ubia, watu wawili wameweka pesa tofauti wanagawana vipi faida na nani analipwa mshahara kwanza, ndugu wangapi wamegombana kwa hilo. Kuna kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki, na siku hizi ongeza momo, kwa sababu ukitoa 400,000 kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5 ambayo ni 2,000, kisha kuna ada ya kampuni juu yake, na mtu asiyeandika hizo mwisho wa mwezi anamshuku mfanyakazi wake bure.

Na mfanyakazi mwenyewe, je. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ifanyiwe marekebisho 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia hata kama una mtu mmoja. Unamlipa kijana 400,000, unamkata asilimia 5 ambayo ni 20,000, wewe unaongeza asilimia 10 ambayo ni 40,000, unapeleka 60,000. Kwa hiyo huyo kijana anakugharimu 440,000 na yeye anapokea 380,000 kabla hujagusa kodi. Wengi hapa mjini hawajui kuiandika hiyo, wanaiona kama wizi, wakati ni mistari mitatu tu kwenye jarida, lile daftari la kuandika kabla ya leja.

Majirani zetu Tanzania wanayo hii kitu. Kidato cha tano na cha sita wana kombi inaitwa ECA, Uchumi, Biashara na Uhasibu, mtoto anayeenda kusomea biashara anaichagua akitaka. Sisemi tuige kila kitu chao, lakini sisi na wao tuko soko moja la Afrika Mashariki, hapa Busia asubuhi moja napokea shilingi za Uganda na za Kenya kwenye droo moja, na kijana wetu atashindania kazi na kijana aliyeshika leja miaka miwili kabla ya chuo. Halafu kuna faida nyingine, maneno yenyewe tayari yapo kwa Kiswahili, leja, urari, mizania, wadai na wadaiwa, uchakavu, mtaji, na sasa Kiswahili ni lazima S1 na S2 katika mtaala huu mpya, basi mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Enti wakae pamoja siku moja watoe hata kipindi kimoja. Wateja wangu wengi wanaandika madeni yao kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza.

Halafu nifikirie serikali kidogo. Hii PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, iliyozinduliwa Februari 2022 pale Kibuku, kila parokia (si ya kanisa, ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) inapewa milioni 100 kwa mwaka kupitia Sacco yake na mtu anakopeshwa mpaka milioni moja. Hata ukigawa milioni moja moja ni watu 100, kila mmoja anahitaji ukurasa wake, tarehe aliyochukua, alichorudisha, kilichobaki. Mwaka wa pili wanaongezeka wengine, wale wa kwanza wanaanza kurudisha. Nani ataandika? Parokia ni maelfu nchi nzima, na wahasibu wenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, hawawezi kwenda kukaa kila parokia, wala haihitajiki. Inahitajika kijana wa S6 wa kijiji hicho hicho anayejua leja vizuri. Na kama akitaka kuendelea bila kupita chuo kikuu, ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, ina diploma ya mafundi wa uhasibu, ile ATD, kisha CPA yenyewe, njia iko wazi. Tunapeleka pesa kwenye parokia halafu somo la kuzitunza tumelifanya mada ndogo, hapo sielewi kabisa.

Najua watu wa mitaala watasema walimu hawatoshi, vitabu hakuna, masomo ni mengi tayari. Vitabu naweza kuwajibu. Kila mji una maduka, kila duka lina kauntabuku za zamani zimejaa vumbi, ndizo vitabu bora kuliko mfano wa kubuni wa Bwana A na Bwana B. Walimu wa Akaunti wa zamani bado wapo, wengine wanafundisha Enti hizo hizo shule. Kwa kuanza hata shule chache kila wilaya zingepewa ruhusa kujaribu akaunti kama somo kuu S5 kwa watakaotaka, tukaona watoto wake wanafikaje chuo.

Mimi ninachoweza kutoa ni hiki. Nyuma ya duka kuna chumba nilikuwa naweka rangi, nimekitoa rangi nikaweka mabenchi matatu na ubao. Niko na kauntabuku za miaka mitatu, majina ya wateja tumeyafuta yote na mpwa wangu, zimebaki namba na tarehe. Mwalimu yeyote wa Busia au Tororo ambaye yuko tayari Jumamosi mchana kuja kukaa na watoto wa S5 na S6 aje, ubao upo, chaki nanunua mimi, na chai ya saa kumi ipo. Watoto waje na rula na penseli, kalamu tutaanza kutumia urari ukikubali.

Ni mimi,
Muuza saruji, Busia.